Nabugoye: Kilima ambako Wayahudi wa Uganda husoma na kusherehekea milango ikiwa wazi

JUA linapokaribia kutua kila Ijumaa, shughuli husita katika kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda. Majembe huwekwa kando, chakula cha siku ya pili huwa kimekwisha kupikwa, na wazee kwa vijana huanza kukwea kilima kuelekea Sinagogi ya Stern, nyumba ya ibada iliyofunguliwa mwaka 2016.

Ndani ya jengo hilo, vitabu vya sala hufunguliwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa kuwa vimeandikwa kwa Kiebrania. Hata hivyo, sauti zinazosikika si ngeni kwa sikio la mtu wa Afrika Mashariki. Zaburi huimbwa kwa Kiebrania na Kiganda, zikisindikizwa na gita na ngoma, nao umati mzima hupokea kiitikio.

Hao ndio Abayudaya, neno la Kiganda lenye maana ya Wayahudi. Idadi yao inakadiriwa kuwa kati ya 2,000 na 3,000, na wengi wao ni wakulima wadogo wanaoishi katika vijiji vilivyotawanyika kuzunguka Mbale na maeneo mengine ya mashariki mwa nchi hiyo. Nabugoye ndicho kitovu chao.

Historia ya jamii hii ni historia ya mlango uliofunguliwa, ukafungwa kwa amri ya serikali, kisha ukafunguliwa tena. Anayeifahamu hatashangaa kuona kwamba leo kilima hicho si mahali pa sala pekee. Ni shule, ni uwanja wa sherehe, na ni mahali ambapo jirani Mkristo au Mwislamu hakosi nafasi.

Si mpango wa mwaka 1903

Kabla ya kusimulia chanzo cha Abayudaya, yafaa kuondoa dhana moja iliyoenea. Mwaka 1903, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alimpa kiongozi wa vuguvugu la Kizayuni, Theodor Herzl, pendekezo la kuwatengea Wayahudi waliokuwa wakiteswa Ulaya eneo la makao katika Afrika Mashariki. Pendekezo hilo hujulikana hadi leo kama Mpango wa Uganda.

Ukweli ni kwamba ardhi iliyolengwa haikuwa Uganda ya leo. Ilikuwa uwanda wa juu wa Uasin Gishu, ambao sasa umo Kenya. Ujumbe wa watu watatu ulitumwa kuikagua, na mwaka 1905 mkutano mkuu wa Wazayuni ukalikataa pendekezo lenyewe.

Abayudaya hawakutokana na mpango huo. Hawakuletwa na meli wala reli, na hawadai kwamba mababu zao walitoka Yerusalemu. Ni Waafrika wenyeji ambao waliifikia dini ya Kiyahudi kwa njia isiyo ya kawaida: kwa kusoma.

Jemadari aliyekosa ufalme

Mwanzilishi wao alikuwa Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyekuwa maarufu mwishoni mwa karne ya 19. Akiwa Mkristo wa Kiprotestanti na mshirika wa Waingereza, aliongoza majeshi yaliyotia sehemu kubwa ya mashariki mwa Uganda chini ya himaya yao. Mji wenyewe wa Mbale ulichipuka kutokana na makao aliyoyajenga huko.

Kwa kazi hiyo, Kakungulu alitarajia kutawazwa mfalme wa nchi alizoziteka. Waingereza walikuwa na nia nyingine. Walizidi kumpunguzia mamlaka hadi akajiona kama mtumishi wa kawaida wa serikali ya kikoloni. Alivunjika moyo, na kuanzia hapo akaelekeza nguvu zake katika mambo ya dini.

Katika miaka ya 1910, alijiunga na kundi la Bamalaki, Wakristo waliojitenga na misheni, ambao walishika Sabato siku ya Jumamosi na kukataa dawa za hospitali. Wakati huo Biblia nzima ilikuwa tayari inapatikana kwa Kiganda, kwani ilichapishwa mwaka 1896. Kakungulu aliisoma kwa makini, hasa vitabu vitano vya kwanza, ambavyo Wayahudi huviita Torati.

Swali lililomsumbua lilikuwa rahisi. Ikiwa Mungu alimwamuru Ibrahimu kuwatahiri wanawe kizazi baada ya kizazi, ni nani aliyeifuta amri hiyo? Wenzake walimwonya kwamba tohara ni jambo la Wayahudi. Naye akaamua kwamba ikiwa ni hivyo, basi yeye na watu wake ni Wayahudi. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe.

Uamuzi huo una uzito wa pekee kwa anayezijua mila za eneo hilo. Wamasaaba, wenyeji wa Mbale ambao ni ndugu wa Wabukusu wa Bungoma nchini Kenya, huwatahiri vijana wao tangu jadi. Waganda hawakuwa na desturi hiyo. Kwa Kakungulu, Mganda mwenye cheo, tohara haikuwa kufuata ukoo bali kuvunja mazoea kwa ajili ya andiko.

Mgeni aliyewafundisha kalenda

Mwanzoni imani ya wafuasi hao ilikuwa mchanganyiko. Waliishika Sabato na tohara, lakini bado walibatizana na kuamini baadhi ya mafundisho ya Agano Jipya. Mabadiliko yalikuja mwanzoni mwa miaka ya 1920, Kakungulu alipokutana na Myahudi mmoja ambaye Abayudaya humkumbuka kwa jina la Yusufu tu.

Yusufu alikaa nao kwa miezi kadhaa. Aliwafunza kalenda ya sikukuu, jinsi ya kuchinja wanyama kwa kufuata sheria, vyakula vilivyoharamishwa, na sala za kila siku. Baada ya kuondoka kwake, ubatizo ulikomeshwa na watoto wakapewa majina ya Agano la Kale.

Mwaka 1922, Kakungulu alitoa kitabu kwa Kiganda chenye kanuni na sala za jamii yake. Alipofariki mwaka 1928, hakuacha nyuma yake jeshi wala kiti cha ufalme. Aliacha wafuasi waliojua kusoma, kitabu cha kusoma, na mazoea ya kukutana kila juma ili kusoma pamoja. Urithi huo ndio uliowaokoa baadaye.

Imani iliyofichwa

Idi Amin alitwaa mamlaka ya Uganda mwezi Januari 1971. Mwanzoni alikuwa rafiki wa Israel, lakini mwaka 1972 aliwafukuza Waisraeli na kuvunja uhusiano na nchi yao. Abayudaya, ambao hawakuwa na sehemu yoyote katika ugomvi huo wa mataifa, walijikuta wakilipa gharama. Dini yao ilipigwa marufuku na sinagogi zao zikafungwa.

Wengi walisilimu au kujiunga na makanisa kwa kuhofia maisha yao. Jamii iliyokadiriwa kuwa na watu wapatao 3,000 ilipungua hadi mia chache tu. Waliobaki walisali majumbani na vichakani, kwa sauti za chini, huku mtu akiwekwa kulinda njia.

Rabi Gershom Sizomu, ambaye wakati huo alikuwa mtoto, amesimulia jinsi babake alivyokamatwa kwa sababu ya imani hiyo, na jinsi familia ilivyolazimika kutoa mbuzi ili aachiliwe. Katika mazingira kama hayo, kumfundisha mtoto herufi moja ya Kiebrania kulikuwa kosa la kumtia mzazi kizuizini.

Kampala iliangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni mnamo Aprili 1979. Kwa Abayudaya, wakati huo ulikuwa na maana ya ziada. Jioni ya Aprili 11 mwaka huo, jua lilipotua, ndipo ilipoanza Pasaka ya Kiyahudi, sikukuu ya kukumbuka jinsi Waisraeli walivyotolewa katika utumwa wa Misri. Kwa sababu hiyo, Pasaka katika kilima cha Nabugoye husimulia mambo mawili kwa pamoja: Farao wa zamani sana, na yule ambaye wazee wa kilima hicho walimwona kwa macho yao.

Vijana warudi kilimani

Uhuru pekee haukutosha. Waliosalia walikuwa wachache, maskini na waliotawanyika. Katika miaka ya 1980, kikundi cha vijana, miongoni mwao Gershom Sizomu na nduguye J.J. Keki, kiliamua kuishi pamoja kilimani Nabugoye kwa mfano wa vijiji vya ujamaa vya Israel viitwavyo kibutsi. Walilima pamoja, wakasoma pamoja, na wakatunga nyimbo mpya za sala kwa lugha zao.

Nyimbo hizo ndizo zilizowatambulisha ulimwenguni. Mwaka 2003, taasisi ya Smithsonian ya Marekani ilitoa rekodi ya muziki wa Abayudaya, ambayo baadaye iliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Kabla ya hapo, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, wageni kutoka Marekani walikuwa wameanza kuwatembelea, na baadhi yao walipitia Kenya.

Kenya ina uhusiano mwingine na habari hii. Arye Oded, msomi wa Israel aliyewazuru Abayudaya katika miaka ya 1960 na kuandika juu yao, alikuja kuwa balozi wa Israel jijini Nairobi miaka mingi baadaye. Maandishi yake ni miongoni mwa yale ya awali kuwaeleza kwa kina.

Kusoma ndiko kusali

Mgeni anayehudhuria ibada ya Jumamosi asubuhi hugundua upesi kwamba sehemu kubwa yake ni somo. Torati imeandikwa kwa mkono katika gombo la ngozi, na imegawanywa katika mafungu ya kila juma ili vitabu vyote vitano vimalizike kwa mwaka mmoja. Mwaka ukiisha, msomaji hurudi mwanzo siku hiyohiyo.

Maandishi ya gombo hayana alama za irabu. Anayeyasoma hadharani sharti awe amejifunza kila neno na lahani yake mapema. Kwa sababu hiyo, mtoto wa Kiyahudi hujiandaa kwa muda mrefu kabla ya kuitwa kusoma anapofikisha umri wa miaka 13, umri ambao huhesabiwa kuwa mwenye kuwajibika mbele ya sheria ya dini. Nabugoye, wasichana pia huitwa kusoma.

Baada ya Kiebrania, maneno hufafanuliwa kwa lugha inayoeleweka na wote, na mjadala hufuata. Swali halichukuliwi kuwa utovu wa adabu. Hata katika mlo wa Pasaka, sherehe haianzi kuelezwa mpaka mtoto mdogo aulize kwa nini usiku huo umekuwa tofauti na mingine.

Sabato huendelea mpaka nyota tatu zionekane angani Jumamosi usiku. Katika muda huo hakuna kulima, kuuza wala kuwasha moto. Kwa mkulima ambaye jirani yake yumo shambani akipalilia, huo si mzaha. Ni siku moja kati ya saba ambayo huitoa kila juma, msimu wa mvua na wa kiangazi.

Sikukuu nazo hupokewa kwa vifaa vya mahali. Katika Sikukuu ya Vibanda, sheria hudai kibanda kiezekwe kwa kitu kilichoota ardhini, na paa liachwe na mianya ya kuona nyota. Katika nchi ya migomba, agizo hilo si gumu kulitimiza.

Milango kwa majirani

Dini ya Kiyahudi haina desturi ya kutafuta waumini wapya. Anayetaka kujiunga huulizwa sababu, hufundishwa kwa muda, huhojiwa na jopo la watu watatu, hutahiriwa ikiwa ni mwanamume, kisha huzamishwa majini. Kwa hivyo, Abayudaya wanapowakaribisha majirani, lengo si kuwabadilisha dini.

Ukarimu huo huonekana zaidi katika elimu. Shule ya msingi ya Hadassah na shule ya sekondari inayobeba jina la Semei Kakungulu huwapokea watoto wa Kiyahudi, Kikristo na Kiislamu. Mtoto wa Mwislamu hukaa dawati moja na mtoto wa Myahudi, na hesabu ni ileile kwa wote wawili.

Mwaka 2010, jamii hiyo pia ilifungua kituo cha afya cha Tobin mjini Mbale, kinachohudumia wagonjwa wa dini zote. Anayekumbuka kwamba Kakungulu alipitia kundi lililokataa dawa za hospitali ataona umbali ambao wafuasi wake wamesafiri.

Mfano mwingine ni kahawa. Mnamo Septemba 11, 2001, J.J. Keki alikuwa jijini New York na akashuhudia mashambulizi ya kigaidi yaliyoangusha majengo mawili marefu. Aliporejea nyumbani, alianza kuwaendea wakulima wa kahawa nyumba kwa nyumba: Wayahudi, Wakristo na Waislamu. Mwaka 2004, walianzisha chama cha ushirika kilichoitwa Mirembe Kawomera, maneno ya Kiganda yenye maana ya amani tamu, na kahawa yao ikapata mnunuzi katika jimbo la California.

Hoja ya ushirika huo haikuwa ya kidini tu. Mkulima mmoja mmoja hana sauti mbele ya dalali, lakini wakulima mia kadhaa wanaouza pamoja wanaweza kudai bei. Waliokutana kwa sababu ya kilo za kahawa waliishia kujuana kwa majina, na wanaojuana kwa majina si rahisi kuchochewa wapigane.

Pengine ndiyo sababu Rabi Sizomu, ambaye alihitimu na kutawazwa mjini Los Angeles mwaka 2008, alichaguliwa mwaka 2016 kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini. Wayahudi ni wachache mno katika eneo hilo kuweza kumchagua mtu peke yao. Kura zilizompeleka bungeni zilikuwa za Wakristo na Waislamu.

Swali ambalo halijajibiwa

Pamoja na hayo yote, Abayudaya bado wanakabiliwa na jambo linalowaumiza: je, Wayahudi wengine wanawatambua? Kwa kuwa hawakuzaliwa na mama wa Kiyahudi kwa ukoo, sheria ya dini hudai waongoke rasmi. Mwaka 2002, mamia yao walipitia utaratibu huo mbele ya marabi wa tawi la Konsavativu, ambalo lina wafuasi wengi Marekani.

Tawi la Othodoksi, ambalo ndilo lenye mamlaka ya kidini nchini Israel, halikubali uongofu uliofanywa na marabi wa matawi mengine. Baadhi ya Abayudaya, hasa wa kijiji cha Putti, waliamua kufuata njia ya Othodoksi. Kwa hivyo hata jamii hiyo ndogo ina mwelekeo zaidi ya mmoja.

Mwaka 2016, Shirika la Kiyahudi, ambalo hushughulikia uhusiano kati ya Israel na Wayahudi walio nje, liliitambua jamii hiyo. Lakini mwaka 2018, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israel ilikataa ombi la mmoja wao la kuhamia huko chini ya Sheria ya Kurejea, ambayo humpa kila Myahudi haki ya kupata uraia wa nchi hiyo.

Suala hilo si la pasipoti pekee. Wengi wa Abayudaya hawana nia ya kuhama mashamba yao. Kinachowasumbua ni kwamba watu ambao baba zao walificha vitabu vya sala enzi za Amin, wakahatarisha shingo zao kwa ajili ya jina la Uyahudi, leo huulizwa na afisa mezani ikiwa jina hilo ni lao.

Changamoto nyingine ni za kawaida kwa kijiji chochote cha Afrika Mashariki. Karo ni mzigo, mashamba yanazidi kugawanywa, na vijana huvutwa na miji. Misaada kutoka Marekani imejenga mengi, lakini jamii inayotegemea mkono wa mbali haina budi kujiuliza itafanyaje siku mkono huo utakapochoka.

Hata hivyo, Abayudaya wameshajaribiwa kwa kunyimwa zaidi ya fedha. Walinyimwa jengo, wakakutana vichakani. Walinyimwa sauti, wakanong'ona. Jambo moja ambalo hawakukubali kuliacha ni mtoto kuketi kando ya mtu mzima na kuonyeshwa neno kwa kidole.

Ndivyo inavyofanyika mpaka sasa. Ijumaa nyingine ikifika na jua kuanza kuinama, watu hukwea kilima cha Nabugoye na nyimbo huanza kusikika hadi kwa majirani walio mashambani. Baadhi yao huzijua kwa moyo, ingawa wao husali Jumapili kanisani au Ijumaa adhuhuri msikitini.